Musituandikie RAM tu, mutuambie umeme ukikatika kasanduku kanafanya nini

Bwana Mhariri,

Pokeeni salamu za Bukavu, upande wa Kadutu. Nimesoma ukurasa wenu wa teknolojia juu ya tule tusanduku tudogo twa Linux twenye sasa watu wanauzia mashule na sekretaria na vituo vya afya wakisema ni seva, mashini yenye inahudumia mashini zingine zote, na nimefurahi kweli, juu magazeti yetu ya Kiswahili yakiongelea teknolojia mara mingi ni telefone mpya tu na kamera yake. Lakini mumeandika bei, mumeandika RAM (kumbukumbu yenye inafutika umeme ukienda), mumeandika prosesa iko na kore ngapi, hata uzito mumeandika, halafu programu yenye iko ndani, ile yenyewe inafanya kasanduku kawe seva, mumeipa mustari mumoja: "inatumia Linux". Hapo sikuweza kunyamaza. Kusema kasanduku kanatumia Linux ni sawa na kusema motokari inatumia mafuta, sasa mununuzi amejua nini?

Linux ni kiini cha mufumo, Linus Torvalds aliianza 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, na leo iko ndani ya kila telefone ya Android, ndani ya ruta zenye zinagawa intaneti, ndani ya televizyo, mpaka kompyuta kubwa kubwa za utafiti. Kujua iko ndani hakukuambii kama kesho asubui kitu kitawaka. Mimi kazi yangu ni rezo, mitandao ya kompyuta, ninafunga na kutengeneza hivi vitu hapa mujini, Ibanda, Kadutu, Bagira, na kwa yale ninaona, kasanduku hakafi juu RAM ni kidogo. Kanakufa juu umeme ulikatika wakati kalikuwa kanaandika. Swali la kwanza la mununuzi wa Bukavu, na ningependa liwe la kwanza kwa gazeti lenu pia, ni hili: umeme ukienda gafla, bila mutu kukazima vizuri, kanarudi kenyewe ao kanangoja fundi?

Acha niseme vile mambo inaenda mule ndani. Seva ya kawaida inaandika kwa diski saa zote, logi, faili za muda, nani ameingia nani ametoka. Faili sistemu (njia ya kupanga mafaili kwa diski) kama ext4 iko na jurnali, yaani daftari ya mabadiliko, na kwa kawaida inasukuma data kwa diski kila sekunde 5, kwa hiyo umeme ukikatika katikati jurnali inalinda muundo usivunjike lakini yale ya sekunde za mwisho yanaweza kupotea. Kwa diski nzuri hiyo haileti shida kubwa. Lakini tusanduku twingi tunatumia karte ndogo ya SD sawa ile ya telefone, na ile karte iko na kaprosesa kake ndani kenye kanahamisha data kwa mafungu makubwa bila kukuambia, ukikata umeme wakati kanahamisha inaweza kuharibika hata faili yenye hakuna mutu alikuwa anaiandika. Ndiyo maana unasikia sekretere wa shule anaapa "mimi sikugusa kitu, tuliwasha tu asubui ikakataa", na watu wanamuangalia vibaya. Ni kweli hakugusa.

Watu wa Linux ndogo walishafikiria hiyo zamani. Muangalie OpenWrt, mufumo wenye ulianza 2004 kwa ajili ya ruta. Sistemu yote inabanwa ndani ya SquashFS, ni ya kusoma tu, hakuna programu inaweza kuiandika hata ikitaka, halafu juu yake wanaweka tabaka ingine ya kuandika, wanaiita overlei, yenye inashika tu yale wewe ulibadilisha: jina la wifi, modepasi, anwani, programu uliongeza. Tabaka ya juu ikiharibika unabonyeza kitufe cha riseti, inafutwa, na ya chini iko palepale sawa siku uliiweka. Logi nazo haziandikwi kwa flashi, zinazunguka ndani ya RAM na za zamani zinafutwa nafasi ikijaa. Hiyo iko na ubaya wake, umeme ukienda na logi zimeenda, hutajua saa tisa ya usiku kulitokea nini, kwa hiyo kama kuna mashini ingine yenye batri unazituma kule zihifadhiwe. Lakini mimi nachagua kupoteza logi kuliko kupoteza sistemu, na fundi yeyote mwenye amepanda Bagira kwa mvua juu ya karte ya SD atanielewa.

Sasa muulizeni muuzaji wa hapa mujini kama sistemu ya kasanduku kake ni ya kusoma tu. Atakuonyesha RAM tena.

Kitu kingine chenye hakuna mutu anaandika ni saa. Raspberry Pi, kale kabao ka Uingereza kalitoka 2012 kwa dola 35, kwa miaka mingi kaliuzwa bila saa yenye batri ndani, na ruta mingi ziko vilevile. Ukikazima hakajui tena ni saa ngapi, kanangoja kaulize intaneti kupitia NTP, njia ya kuuliza saa kwa rezo. Kule Ulaya hiyo haisumbui, intaneti iko pale saa zote. Kwetu umeme unarudi na intaneti bado, na kasanduku kengine kanaendelea na saa yenye kaliandika mara ya mwisho kabla ya giza, kengine kanaamka kanadhani tuko tarehe 1 Januari 1970, juu hapo ndipo Unix inaanza kuhesabu sekunde zake. Halafu mambo inaanza kuchanganyika: vyeti vya HTTPS (tovuti zenye kufuli) vinakataliwa juu kwa hesabu ya kasanduku bado havijazaliwa, WireGuard, programu ya kufungua njia ya siri kati ya mashini mbili, inakataa kufungua juu inaona saa imerudi nyuma inafikiri ni mwizi anarudia ujumbe wa zamani, na kwa kituo cha afya fishi za wagonjwa za asubui ile zinapangwa nyuma ya zote, muuguzi anazitafuta hazioni. OpenWrt iko na ujanja kidogo, inatafuta kwa faili za mipangilio ile mpya kuliko zote na inachukua tarehe yake kuwa mwanzo, afazali kuliko 1970. Lakini dawa yenyewe ni kakipande ka saa kama DS3231 na kabatri ka kidonge, kernel, yaani kile kiini cha Linux, inakajua tangu zamani, bei ni ndogo sana, na hakuna tangazo hata moja nimeona lenye linasema kamo ao hakamo.

Halafu kuna mulinzi, wochidogi. Prosesa mingi za aina hii ziko na saa ndogo ya kando yenye programu inapaswa kuigusa kila sekunde chache, kama sistemu imeganda na haiigusi kwa nusu dakika hivi, ile saa inawasha mashini upya bila kuuliza mutu. OpenWrt inaitumia yenyewe kama prosesa iko nayo, kwa mifumo ingine iko lakini lazima uiamushe wewe. Munaweza kusema ni kitu kidogo. Si kidogo kama kasanduku kamefungwa juu ya plafo ya biro, ufunguo wa biro uko na prefe, mukubwa wa shule, na prefe amesafiri.

Na apdeti. Wote wanatuambia tufanye apdeti, sawa, lakini umeme ukikatika katikati ya apdeti unabaki na kipande cha plastiki. Dawa iko: nafasi mbili za sistemu. Mpya inaandikwa kwa nafasi moja, ya zamani inabaki kwa ingine haiguswi, na kama mpya inashindwa kuwaka mara 3 za kufuatana ile programu ya kuwashia inarudi ku ya zamani. Ruta kama Linksys WRT1900AC ziko na hiyo. Mukisema kasanduku fulani kako na nafasi mbili, hapo mutakuwa mumenisaidia kuliko kurasa mbili za RAM.

Hesabu ya batri mutaifanya wenyewe: wati 5 kwa saa 24 ni wati-saa 120, batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inashika 1200, ukitumia nusu tu ili usiiue ni 600, ni siku 5. Mashini kubwa ya wati 100 kwa batri ileile ni saa 6. (Musisahau kuongeza modemu na antena ya wifi ndani ya hesabu, watu wanasahau kila mara halafu wanasema fundi aliwadanganya.)

Tuje ku koneksio, juu hapo ndipo pesa inaisha. Shule inalipa mega, wanafunzi wamejaa kwa sale, mumoja anafungua video na wengine wote wanakwama, muuzaji anasema muongeze forfe. Mara mingi shida haiko ku forfe, shida ni foleni. Modemu na ruta zinaweka pakiti (vipande vidogo vya data) mingi kupita kiasi zikingoja kutoka, pakiti inaweza kukaa mule sekunde nzima ao zaidi, na ujumbe mudogo wa maneno matatu unasimama nyuma ya video ya mwenzako. Jim Gettys, muprogramu wa Marekani, aliipigia kelele shida hiyo karibu 2010, ikapata jina la bufabloti, halafu 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia yenye inaitwa CoDel. Hii haiangalii foleni ni ndefu kiasi gani, inaangalia pakiti imekaa mule muda gani, na kama zinakaa sana inatupa moja ili mashini yenye inatuma ipunguze mwendo. Ni wazo la akili kweli, ninalipenda. Kutoka hapo kukaja fq_codel, halafu CAKE yenye iko ndani ya kernel tangu Linux 4.19 ya 2018, na CAKE ukiipanga vizuri inagawa kwa haki mpaka kwa kila mashini, kijana mwenye anapakua vitu 30 kwa mara moja hapiti mwenzake mwenye anasoma ukurasa mumoja.

Yote hiyo ni programu ya bure, inaingia kwa karuta ka bei ndogo. Inadai kitu kimoja: uiambie ukweli juu ya mwendo wa koneksio yako, halafu upunguze kidogo, tuseme uweke asilimia 90, ili foleni ijengeke ndani ya kasanduku kako kenye kako na akili na isijengeke ndani ya modemu. Shida yetu sasa ni kwamba koneksio ya 4G inapanda na kushuka, asubui iko hivi, saa mbili ya usiku iko vingine kabisa, kwa hiyo namba uliandika mchana usiku inakuwa uongo. Sina dawa kamili ya hiyo na muuzaji mwenye anasema ako nayo mumuulize vizuri. Mimi ninaweka namba ya saa mbaya, watu wananung'unika kidogo saa nzuri, basi. Na kama shule iko na laini mbili za kampuni tofauti, kuna programu ya OpenWrt inaitwa mwan3, inapima kila laini kwa kutuma ping na moja ikikufa inahamisha watu wote ku ya pili, ukipenda ile ya gali inaamka tu wakati ya rahisi imelala.

Wauzaji wengi wanapenda pia kusema kasanduku kanafanya kashe, yaani ukurasa unapakuliwa mara moja halafu darasa lote linasoma. Ilikuwa kweli wakati Squid, programu ya kashe, ilikuwa mufalme na tovuti zilikuwa HTTP wazi. Leo karibu zote ni HTTPS, mazungumzo yamefungwa kati ya mashini ya musomaji na seva ya mbali, kasanduku katikati hakaoni kitu cha kuweka. Ili kaone lazima uvunje ile kufuli kwa kuingiza cheti yako ndani ya kila mashini, uanze kusoma mpaka barua za watu, na mimi kwa shule siifanyi, waniite muvivu. Kashe zenye bado zinasaidia kweli ni ndogo ndogo: majibu ya DNS, ile yenye inageuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani, hapo dnsmasq ya Simon Kelley inatosha kabisa, programu moja nyepesi yenye inagawa anwani kwa mashini zote na inakumbuka majina, na tena kashe ya vipande vya programu vya Debian na Ubuntu, mifumo ya Linux ya kompyuta za kawaida, kama mashini za sale zinatumia hizo, juu zile mara mingi bado zinapita kwa HTTP na zinalindwa na sahihi.

Kuliko kashe ya uongo, mulete vitabu vyenyewe ndani. Kiwix ilianza 2007 kwa kazi hiyo, unachukua Wikipedia nzima kwa faili moja ya ZIM, unaiweka kwa flashi, na sale yote inasoma kwa wifi bila mega hata moja. Ya Kifaransa na picha zake inaingia kwa flashi ya GB 64, ya Kiingereza inapita GB 100, ya Kiswahili ni ndogo zaidi, inaingia popote. Muangalie tu flashi isiwe FAT32, juu FAT32 haishiki faili ya kupita GB 4, nimeona watu wanapakua usiku muzima kwa pesa yao halafu inakataa kunakiliwa. Weka ext4, ao exFAT yenye kernel inaijua yenyewe tangu 5.4 ya 2019. Halafu kwa dnsmasq unaipa jina, mutoto anaandika maktaba.lan na inafunguka, hakuna kukariri 192.168 na kitu.

Kwa sekretaria, pale watu wanachapa TFC zao, kazi za kumaliza masomo, kazi kubwa ni emprimanti. Kako kaprogramu kanaitwa p910nd kenye kanapokea kwa rezo na kusukuma moja kwa moja kwa waya wa USB, hakaweki foleni, kwa hiyo hakahitaji kumbukumbu, lakini emprimanti ikiishiwa karatasi mashini yenye ilituma inangoja. CUPS inaweka foleni na inajua kubadilisha faili, inataka kasanduku kenye nguvu zaidi. Kugawana mafaili ni Samba, Andrew Tridgell wa Australia aliianza 1992, na neno langu moja tu hapo: fungeni SMB1, ile luga ya zamani ya kugawana mafaili. Najua kuna mashini za Windows XP bado zinaishi hapa mujini na haziwezi ingine. Lakini 2017 WannaCry ilipita hapohapo ku SMB1 ya Windows, afazali ile XP ichukue mafaili yake kwa USB.

Sasa modepasi, na hapa ninakasirika kidogo munisamehe. Mwaka 2016 kulikuwa programu mbaya inaitwa Mirai, ilizunguka dunia ikiingia kwa kamera na ruta za Linux ndogo. Haikuvunja kitu cha ajabu, ilikuwa na orodha ya majina na modepasi za kiwandani kama sitini, admin na admin, root na 12345, ikijaribu moja moja kupitia telneti, mulango wa zamani wa kuingia mashini kutoka mbali bila kufuli. Mwezi wa 10 wa mwaka ule vitu vyenye iliteka vikashambulia Dyn, kampuni ya DNS ya Marekani, na watu wengi wakakosa Twitter na Netflix. Kinachochekesha ni kwamba Mirai ilikaa ndani ya RAM tu, ukizima na kuwasha inaondoka, kwa hiyo delestaji yetu, huku kukatiwa umeme, ingekuwa dawa, lakini modepasi ikibaki ileile inarudi ndani ya dakika chache. Na bado leo, hapa, nakuta kasanduku kamefungwa kwa shule na admin na admin, tena wamekaandika kwa karatasi wamekabandika juu.

Seva yenye iko sawa haina telneti, iko na SSH, mulango kama ule lakini wenye kufuli. Kwa tusanduku tudogo ni Dropbear, Matt Johnston aliitoa 2003 kwa mashini zenye kumbukumbu ndogo, na inakubali ufunguo, haina haja ya modepasi. Fayawoli inafunga yote yenye inajaribu kuingia kutoka nje. Kama fundi anataka kuingia kutoka nyumbani, ajue kwamba koneksio za simu mara mingi hazikupi anwani yako mwenyewe, munashiriki moja watu wengi, kwa hiyo huwezi kukagongea mulango kutoka mbali, ni kenyewe kanapaswa kutoka na kushika njia wazi. WireGuard inafanya hiyo vizuri, iko ndani ya kernel tangu 5.6 ya mwezi wa 3 mwaka 2020, unaiambia itume kapakiti kila sekunde 25 ili njia isifungwe. Saa iwe sawa tu, nimeshasema.

Yenye inabaki ni ile inaniuma kuliko zote, na gazeti ndilo linaweza kuisema kwa sauti kubwa kuliko fundi. Nani ako na ufunguo wa kasanduku? Nimeitwa kwa shule moja, jina sitoi, walinunua seva kwa pesa ya wazazi, muuzaji alikuwa amechukua OpenWrt ya bure, akabadilisha rangi ya ukurasa na nembo, akafunga mulango wa root, ule wa mwenye mamlaka yote juu ya mashini, halafu akahama muji. Telefone haipokelewi. Toleo ni la zamani, apdeti haiwezekani, modepasi ya root hakuna mwenye anaijua. Ilibidi nifungue boksi, niunge waya kwa pini za seriali, nifute yote nianze upya, na mipangilio yao ikapotea.

Muuzaji yule hakuwa na haki ya kuuza bila kutoa kodi ya chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu yenye fundi anaweza kusoma na kubadilisha. Historia yenyewe ya tusanduku hutu inatoka hapo. Linksys iliuza ruta WRT54G kutoka mwisho wa 2002, na 2003 watu wakafungua wakakuta Linux ndani, na Linux iko chini ya leseni ya GPL, yenye inasema ukiuza mashini yenye programu hii unapaswa kumupatia mununuzi pia kodi ya chanzo. Watu wakasukuma mpaka kampuni ikaitoa, na kwa ile kodi ndipo OpenWrt ilizaliwa. 2004 Harald Welte, muprogramu wa Linux wa Ujerumani, akaenda mbele ya tribinali ya München, Ujerumani, juu ya kampuni ingine yenye haikufuata leseni, na tribinali ikampa haki. Kwa hiyo GPL si ombi la upole, ni masharti.

Na muangalie vile ile mashini ilikuwa maskini: flashi MB 4, RAM MB 16. Sistemu nzima ilienea mule juu ya vitu kama BusyBox, programu moja yenye inajifanya mamia ya amri, Bruce Perens aliianza miaka ya 1990 ili kuingiza Debian kwa diskete. Halafu 2005 kampuni ikapunguza, toleo la 5 likawa na MB 2 na MB 8, wakatoa Linux wakaweka VxWorks, mufumo mwingine wenye umefungwa, watu wakalalamika mpaka wakaleta WRT54GL yenye ilirudisha Linux na kumbukumbu ya zamani. Sikatai RAM iko na kazi yake: OpenWrt yenyewe baada ya toleo 19.07 iliacha mashini za flashi MB 4 na RAM MB 32, hazitoshi tena, na kwa kazi ya seva mimi sishuki chini ya RAM MB 128. Lakini mashini ya MB 16 yenye mulango wazi ilizaa mufumo wenye bado unaishi, na zile za gigabaiti 4 zenye zimefungwa na mutu amehama ninazikuta kwa kabati za mashule.

Ombi langu ni dogo, Bwana Mhariri. Mara ingine mukipewa kasanduku ka kuandikia, mukaweke juu ya meza ya redaksyo, muanze kukopi faili kubwa, halafu muchomoe waya. Murudishe, muangalie kanaamka saa ngapi na tarehe gani. Muchomoe tena wakati wa apdeti. Mumuombe muuzaji modepasi ya root na anwani ya kodi ya chanzo, na muandike kwa gazeti alijibu nini, hata kama alinyamaza. RAM na uzito muviweke mwisho kabisa, nafasi ikibaki.

Ni mimi musomaji wenu,
Fundi wa rezo, Kadutu, Bukavu